Wimbo wa Kumi wa Velina

Benchi langu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na liko stendi ya Kasulu, mkabala na kibanda kinachokata tiketi za Manyovu. Nasema langu kwa sababu nimelinunua mimi Adija; wao wanalikalia tu. Wanakuja kuanzia saa nne, wananywa kahawa, wanagombana, wananimalizia tangawizi, halafu wanasema hawana haraka. Kila mmoja ana jina lake la hapa. Mwalimu Nickson, mtu wa Moshi aliyeletwa na serikali akalowea, ni Ushahidi, maana hata ukimwambia umelowa mvua anataka umwonyeshe wingu. Gasper mpiga debe ni Kipaza, na masikio yangu yanajua kwa nini. Venanti, mstaafu aliyechanja ng'ombe wa Kibondo mpaka Nyabibuye, ni Bwana Mifugo. Na Makarius ni Rekodi. Huyo ndiye aliyekuwa na kibanda cha kurekodi kanda hapa mjini wakati wa kaseti, na ndiye aliyetuletea Velina.

Velina ni Mjamaika. Aliimba rege laini ya mapenzi zamani hizo, miaka ya sabini, kabla rege haijawa ya kupayuka. Sijui kama kwingine walimjua, lakini hapa hapakuwa na harusi wala kilabu bila kanda yake, na kila kanda ilitoka kwa Rekodi. Mwanangu wa pili anaitwa Velina. Kwa hiyo Jumanne ile ya mwaka 2014, Mwalimu alipoinua juu sidi mpya, albamu ile ile imetolewa upya Ulaya baada ya miaka arobaini, picha ya mwenyewe juu na kijitabu ndani, nilijua tutacheza. Wapi! Ilikuwa siku mbaya kuliko zote nilizouza kahawa.

Tuliipiga kwenye redio ya kibanda cha tiketi. Wimbo wa kwanza watu wakashangilia. Wa tano Kipaza akacheza na ndoo yangu. Ukaisha wa tisa, tukanyamaza kusubiri wa kumi, ule wetu. Redio ikakaa kimya.

Ushahidi: Mmeona? Tisa. Kijitabu kinasema tisa. Nimesikiliza mara nne nyumbani, tisa tu. Wa kumi wameukata.

Kipaza: Aisee, hawa jamaa noma! Wamekata ule wa Kiha?

Bwana Mifugo: Wameukata kwa sababu ni wa Kiha. Angeimba Kiingereza wangeuacha.

Niseme hapa mtu asiye wa kwetu aelewe. Kwenye kanda za Rekodi, mwisho wa upande wa pili, Velina anaimba wimbo mmoja peke yake, bila gita, bila ngoma, kwa lugha yetu. Kiha au Kirundi, ni karibu yale yale. Anasema amevuka mto Malagarasi wa mpakani. Anasema turiho, yaani tupo hai, mimi na watoto. Anasema ndakurindiriye, nakungoja. Sauti yake pale si ile ya nyimbo nyingine, imechoka, na katikati kuna mtu anakohoa, kikohozi kidogo tu. Kasulu nzima ikiimba wimbo huo, ikifika pale inakohoa. Mimi nimewabembelezea wanangu nao, na nilikuwa nakohoa palepale.

Ushahidi: Nimeandika barua kwa hiyo kampuni. Kurasa mbili. Tunataka wimbo wetu urudishwe kwenye albamu na waseme kwa nini waliuondoa. Wote mtasaini. Ila watataka ushahidi, ndiyo maana jana nilimwambia Rekodi aje na kanda ya kwanza kabisa. Rekodi, umekuja nayo?

Rekodi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wa tofali, na koti lake la kila siku. Alikuwa hajacheza wala kuimba. Kikombe chake kilikuwa kimejaa na kimepoa, na mtu akiniachia kahawa ipoe huwa namsema, lakini siku ile nilimwangalia usoni nikaacha.

Rekodi: Mwalimu, achana na hayo mambo.

Ushahidi: Niachane nayo kivipi?

Rekodi: Wimbo umekatwa, basi. Tunao sisi. Inatosha.

Kipaza: Mzee, usituzingue! Unajua mimi nilivyomwelewa huyu mama? Velina aliishi hapa. Msinicheke! Mwaka sabini na tisa, hospitali ya misheni, kulikuwa na nesi mweusi asiyejua Kiswahili. Shangazi yangu alichomwa naye sindano. Akiulizwa katoka wapi anacheka tu. Kiha alijifunzia wodini.

Bwana Mifugo: Nesi gani? Kiha kile si cha kujifunza. Kile ni cha kunyonya. Bibi yake alichukuliwa Heru Juu na misafara ya watumwa, akapelekwa mpaka huko visiwani, akamfundisha mama yake, mama akamfundisha yeye.

Ushahidi: Bwana Mifugo, misafara ile ilikwenda pwani, haikwenda Jamaika.

Bwana Mifugo: Ulikuwepo?

Ushahidi: Na wewe ulikuwepo?

Bwana Mifugo: Basi nieleze wewe msomi, Malagarasi ameijulia wapi? Kuna Malagarasi nyingine Jamaika?

Hapo hasira zilianza kumpanda Mwalimu. Kipaza naye akadakia. Akasema basi ni wazi, kampuni ilimkataza kuimba Kiha, bendi ikagoma, ndiyo maana hakuna gita; akaimba peke yake analia, na yule anayekohoa ni mlinzi aliyewekwa mlangoni, na baada ya hapo mama wa watu hakuonekana tena. Kijitabu chenyewe kinasema haijulikani alipo.

Kipaza: Walimmaliza, wazee. Kwa ajili yetu sisi Waha. Halafu leo wanatuuzia tisa!

Bwana Mifugo: Mawe, mama yangu! Na mimi nimemzika mke wangu kwa wimbo ule.

Hakuna aliyecheka. Philomena wa Bwana Mifugo alifariki mwaka elfu mbili na tatu, na alisema mwenyewe akiwa kitandani, kabla hawajampeleka shimoni apigiwe wimbo wa mwisho wa Velina. Rekodi ndiye aliyeleta redio makaburini. Nilikuwepo. Watu walilia, na ikafika pale pa kikohozi, nusu ya waombolezaji wakakohoa huku wanalia.

Ushahidi: Sasa mnaona uzito wake. Rekodi, toa kanda.

Rekodi: Sina.

Ushahidi: Unayo. Umeshika mfuko wa koti tangu ulipofika.

Kweli alikuwa ameshika. Mkono wa kulia mfukoni, kidole gumba nje, kama mtu anayeogopa vibaka.

Rekodi: Nimesema sina ya kukupa.

Ushahidi: Unaogopa nini? Au ni wewe umewauzia wimbo? Eh? Wamekulipa unyamaze?

Bwana Mifugo: Mwalimu, chunga mdomo. Rekodi si mtu wa hivyo.

Ushahidi: Basi aitoe! Asipoitoa naenda redioni Kigoma kesho, nasema mbele ya watu wote kwamba Makarius wa Kasulu ameficha wimbo wa Waha. Waje wamuulize wao.

Sikupenda. Mwalimu alikuwa amemsimamia mzee wa watu kichwani, kidole kinacheza. Abiria wa Manyovu wakaanza kugeuka. Gari lao lilikuwa limeshawashwa, maana huondoka saa nane. Nilitaka kumwambia Mwalimu akae chini kabla sijammwagia kahawa, nikasikia Rekodi ananiita.

Rekodi: Mama Velina.

Mimi: Abee, mzee wangu.

Rekodi: Unisamehe wewe kwanza. Wewe umempa mtoto jina.

Akatoa mkono mfukoni. Kaseti ya zamani, ya kwaya, karatasi ya jalada imekuwa rangi ya chai. Matundu yake ya juu yamezibwa kwa karatasi ya gundi, kama tulivyokuwa tukifanya zamani ukitaka kurekodi juu ya kanda ya dukani. Mwalimu akanyoosha mkono haraka. Rekodi akairudisha kifuani.

Rekodi: Wimbo wa kumi si wa Velina.

Kipaza: Nini?

Rekodi: Velina ana tisa. Tangu siku ya kwanza ana tisa. Wa kumi niliuweka mimi.

Niseme tena hapa: ninyi vijana hamkumbuki, lakini zamani mtu asiyejua kuandika, au aliyetaka asikike, alikuwa anatuma barua kwa kaseti. Unakwenda kwa Rekodi, unakaa kwenye kigoda, anakusogezea kinasa sauti, unaongea, unampa na anuani. Madereva wa malori ya maharage wanaipeleka. Wakimbizi wa Burundi, wa kambi ya Mtabila hapa jirani, ndio walioongoza kwa barua hizo, kabla kambi haijafungwa. Rekodi alituambia yote akiangalia chini, polepole, na Kipaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuingilia.

Rekodi: Ilikuwa tisini na saba. Akaja mama mmoja wa Mtabila na kanda yake hii. Mumewe walipotezana wakati wa kukimbia. Alisikia kwamba amerudi Kayogoro, kwao Burundi, anatengeneza baiskeli. Akataka kumtumia sauti. Nikamwambia ongea. Akasema akiongea hataamini, kule watu wanaitwa kwa maneno ya uongo wakauawe. Ataimba. Kuna wimbo walikuwa wanaimba wawili tu wakilima, hakuna mwingine duniani anayeujua. Akabadilisha maneno, akaweka mambo yake. Akisikia huo, alisema, atajua ni mimi na atakuja.

Mimi: Na kikohozi?

Rekodi: Mtoto. Alikuwa naye mgongoni.

Niliweka birika chini.

Bwana Mifugo: Sasa ulifikaje kwa Velina?

Rekodi: Kanda ya Velina ilikuwa inabakiza dakika tatu tupu upande wa pili. Watu walikuwa wananilalamikia kwamba nimewakatia. Nikasema niwajazie kitu. Ule wimbo ulikuwa mzuri. Nikaweka kwenye nakala moja tu. Moja. Mwenye nayo akaipiga kilabuni, kesho yake wakaja watu sita wanataka ile yenye wimbo wa mwisho. Wakanichekea, wakasema kumbe Velina anajua Kiha, na mimi nikacheka nao.

Ushahidi: Sawa. Ukanakili. Halafu ya mama ukaituma.

Rekodi akageuza kaseti, akageuza tena.

Ushahidi: Mzee, ukaituma?

Rekodi: Wewe hujafanya kazi ile. Ukinakili kutoka kwenye nakala, sauti inafifia. Ya tatu inakuwa na moshi, ya nne husikii neno. Ukitaka kila mteja apate safi, lazima ile ya kwanza ikae dukani. Nilikuwa nasema nikimaliza oda hizi naituma. Wiki ijayo naituma. Wakaja watu wa Kibondo, wakaja wa Nyabibuye. Kila nikitaka kumpa dereva, kuna mtu anataka ya kwake.

Bwana Mifugo: Makarius.

Rekodi: Ego, kaka.

Bwana Mifugo: Yule mama hakurudi kuuliza?

Rekodi: Alirudi. Mara tatu.

Bwana Mifugo: Ukamwambiaje?

Rekodi: Nilimwambia imekwenda. Nikamwambia mumeo hajajibu.

Sijui nani alianza. Nilichoona ni Bwana Mifugo, mtu wa miaka sitini na kitu ambaye hapigi hata mbwa, amemshika Rekodi kola ya koti kwa mikono miwili, na benchi limetoka kwenye tofali, vikombe viko chini. Rekodi hakujitetea. Alikumbatia kaseti tu isianguke.

Bwana Mifugo: Nimemzika Philomena kwa barua ya mtu! Barua ya mtu aliye hai!

Kipaza: Mzee Venanti, mwachie! Mwachie bwana!

Bwana Mifugo: Anamwambia mumewe nipo hai, na mimi nampigia marehemu! Na wewe umesimama pale makaburini umeshika redio, unajua!

Rekodi: Nilijua.

Kipaza alimtoa, kwa nguvu. Mwalimu alikuwa amekunja barua yake ya kurasa mbili, anaikunja tena, imekuwa ndogo kama sabuni ya gesti. Bwana Mifugo akakaa kwenye jiwe, ametugeuzia mgongo. Na mimi, nisidanganye, nilikuwa na hasira, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nakijua Kirundi kama wote hapa. Miaka kumi na saba nimemsikia mwanamke anasema amevuka Malagarasi, watoto wapo hai, anamngoja mtu, na Mtabila iko hapo, na wanawake wa Mtabila wakipita mbele yangu na kuni kichwani. Nikasema ni Mjamaika. Nikamwimbia mwanangu. Nikakohoa.

Mimi: Mzee Makarius, anuani unayo?

Rekodi: Imeandikwa ndani. Niliandika siku ile ile.

Mimi: Gari la Manyovu hilo linanguruma. Inuka.

Rekodi: Leo? Mama Velina, miaka kumi na saba. Huyo bwana atakuwa hai? Na mama mwenyewe alirudishwa kwao kambi ilipofungwa, labda walishakutana.

Mimi: Na labda hawakukutana. Hilo silo lako wala langu. Inuka.

Ushahidi: Na kama hawakukutana, ile ndiyo sauti pekee... Mzee, inuka tu.

Akainuka. Kibanda cha tiketi ni hatua kumi kutoka benchini, lakini tulikwenda wote kama msiba, Rekodi katikati. Hata Bwana Mifugo alikuja, nyuma kabisa. Kipaza akampigia dereva kelele asubiri, na Mungu aibariki ile sauti, alisubiri.

Dirishani kuna binti mgeni, Careen, ana wiki mbili kazini. Ametoka Kakonko, mpole, na yuko makini na daftari lake la vifurushi kuliko waliomtangulia wote. Alikuwa hajui lolote, sidi ya Mwalimu ilikuwa bado iko kwenye redio yake.

Careen: Shikamooni. Mzigo gani?

Rekodi: Kaseti.

Careen: Kaseti moja? Haya. Inakwenda wapi?

Kipaza: Manyovu, halafu ivushwe. Mwambie dereva ampe yule jamaa wa baiskeli za mpakani, anafika mpaka Kayogoro kila Alhamisi. Mimi nitampigia simu.

Careen: Mpokeaji?

Rekodi alifungua jalada. Mwalimu akamsaidia kulishika. Ndani kulikuwa na mwandiko wake wa zamani, kalamu ya bluu.

Rekodi: Ndihokubwayo. Fundi baiskeli. Kayogoro, karibu na soko.

Careen aliandika yote, kwa herufi kubwa, akapuliza wino. Akasogeza kidole kwenye mstari wa pili.

Careen: Mtumaji?

Rekodi akageuza jalada nyuma, akageuza mbele, akatoa karatasi nzima akaangalia mgongoni mwake. Palikuwa na majina ya nyimbo za kwaya tu.

Ushahidi: Jina la yule mama, mzee. Mwambie.

Rekodi: Mimi nilikuwa namwita mama wa Mtabila.

Ushahidi: Jina.

Rekodi: Sikumuuliza.

Tuliangaliana. Kipaza anayejua jina la kila mtu aliyewahi kupanda gari Kasulu, aliangalia viatu vyake. Mwalimu hakudai ushahidi wowote. Bwana Mifugo alisogea mpaka dirishani, nikadhani analo, kumbe alitaka tu kuigusa kaseti. Akaigusa kwa kidole kimoja, akarudi nyuma. Mimi nilijua sauti ya yule mwanamke ilipopanda na iliposhuka, nilijua mahali alipovuta pumzi, nilijua kikohozi cha mwanawe, na sikuwa na neno la kumpa Careen.

Dereva akapiga honi.

Careen: Jina tu, wazee wangu. Wenye gari hawapokei mzigo usio na mtumaji.

Akatuangalia mmoja mmoja, kalamu ipo mkononi, halafu akauliza tena, kwa upole na kwa sauti kubwa kidogo, kama anayedhani honi ilitufanya tusisikie.

Careen: Imetoka kwa nani?